Kilicho Bora na Kitoshacho

Uchaguzi wa kati ya kizuri na kibaya haumsumbui mtu mwenye akili timamu. Kizuri hupokewa, kibaya hukataliwa, na shauri huisha. Uchaguzi usumbuao ni ule wa kati ya kizuri na kizuri zaidi. Hapo kila upande una haki yake, na mchaguzi hawezi kuufuata mmoja bila ya kuusikia mwingine ukinung'unika nyuma yake. Mizani ya akili hupima upesi mambo yaliyo mbalimbali, lakini hutikisika sana ikabidhiwapo mambo yaliyo karibukaribu.

Swali hili ni la kale kama soko. Humkabili mjenzi achaguapo mbao, na mwanafunzi achaguapo kitabu cha jalada gumu au cha jalada jepesi. Walakini hapana mahali lionekanapo waziwazi zaidi kuliko katika baisikeli ya mashindano ya barabarani. Chombo hiki ni chepesi, sehemu zake zote zi nje, hakina pazia la kufichia siri zake, na kila kiungo chake huweza kununuliwa peke yake. Mtu ajiundiaye baisikeli ya namna hii hununua fremu, kisha magurudumu, kisha hufika katika njia panda: seti ya gia na breki. Hapo hana budi kulijibu kwa fedha yake swali ambalo wanafalsafa wamelijibu kwa maneno tu.

Watengenezaji wamezipanga seti hizi kwa daraja, kama vidato vya ngazi. Kampuni ya Shimano, iliyoanzishwa katika mji wa Sakai, Japani, mwaka 1921, huweka juu kabisa seti iitwayo Dura-Ace, ambayo jina lake lilitokea mara ya kwanza mwaka 1973. Chini yake hukaa Ultegra, na chini ya Ultegra hukaa 105. Campagnolo ya Vicenza, Italia, iliyoanza mwaka 1933, na SRAM ya Chicago, Marekani, iliyoanza mwaka 1987, nazo zina ngazi zao. Majina ni mbalimbali lakini desturi ni moja: juu kuna kitu cha mabingwa, katikati kuna kitu cha watu, na kati ya viwili hivi kuna pengo la bei ambalo huwanyima wengi usingizi.

Yafaa kwanza kujulikana ni nini hasa kinunuliwacho katika pengo hilo. Dura-Ace yenye gia 12 za nyuma zibadilishwazo kwa umeme ilitoka mwaka 2021. Mwaka uliofuata, 105 nayo ikapewa gia 12 na umeme. Zote mbili hutii mguso wa kidole; zote mbili huzuia gurudumu kwa breki za sahani zisukumwazo na mafuta; na mpandaji ambaye hakuonyeshwa maandishi yake angepata taabu kuzitambua kwa mwendo peke yake. Tofauti kubwa iko katika uzito na katika mali iliyotumika kuziunda. Ya juu ni nyepesi kuliko ya kati kwa zaidi kidogo ya nusu kilo. Ya kati huuzwa kwa bei iliyo karibu na nusu ya ile ya juu, na mara nyingine chini ya nusu.

Hesabu ndogo itaonyesha thamani ya nusu kilo. Ikiwa mpandaji na baisikeli yake pamoja wana uzito wa kilo 80, nusu kilo ni kama sehemu 6 katika 1,000. Katika mlima mkali, ambapo karibu nguvu yote hutumika kushindana na mvuto wa dunia, mtu apandaye kwa muda wa saa nzima ataokoa sekunde zisizofika 30. Katika uwanda hataokoa hata hizo, maana huko adui mkubwa si uzito bali upepo. Mwendo ukiwa wa kasi, sehemu kubwa ya nguvu hupotea katika kuupasua upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo huupiga mwili wa mpandaji wala si vyuma vyake. Wazee waliosema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wakizungumza juu ya baisikeli, lakini neno lao ni kweli hapa kwa maana zake zote mbili: mtu aliyejifunza kuinama vizuri hupata faida ambayo duka zima halina uwezo wa kumuuzia.

Liko na jambo jingine la kufikiriwa. Ili Dura-Ace ipunguziwe uzito, yale magurudumu ya meno ya nyuma yaliyo makubwa hufanywa kwa titani badala ya pua. Titani ni nyepesi, walakini meno yake huliwa na mnyororo upesi kuliko meno ya pua. Kwa hivi mtu alipaye zaidi hupata kitu kitakachokwisha mapema, na mtu alipaye kidogo hupata kitu kitakachodumu. Hapa hapana udanganyifu. Mtengenezaji alikusudia wepesi, akaupata, na wepesi ukadai kodi yake. Lakini neno "bora", ambalo lilionekana kuwa neno lililokamilika, sasa limekatika vipande viwili. Kitu kimoja ni bora kwa kushindana, kingine ni bora kwa kudumu, na mtu asemaye kuwa anataka kilicho bora hajasema bado anataka nini.

Mfano wa nyumbani utalithibitisha jambo hili. Baisikeli zilizobeba nazi, mkate, maji na mkaa katika miji ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi zilikuwa nzito, za pua, zenye gia moja na kerea nene nyuma. Mtu akimpa mchukuzi wa mkaa baisikeli ya kilo 7 iliyofanywa kwa nyuzi za kaboni, atakuwa amemnyang'anya riziki. Uzito uliochukiwa na mshindani ndio uthabiti uliotegemewa na mchukuzi. Ubora si rangi iliyopakwa juu ya kitu; ni mapatano kati ya kitu na kazi.

Walakini itakuwa dhuluma kumhukumu mtetezi wa daraja la juu bila ya kumsikiliza. Ana hoja tatu, na hapana iliyo ya kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni ya ushindi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, katika mji ambao vilima vyake havimpi mtu nafasi ya kupumua. Kwa mtu ashindanaye mahali kama pale, sekunde 20 si kitu kidogo. Zaweza kuwa ndizo tofauti ya kuandikwa na kusahauliwa. Kumwambia mtu huyo atosheke na cha kati ni kumwambia mwandishi atosheke na kalamu iliyovuja.

Hoja ya pili ni ya uzuri. Usione vyaelea, vimeundwa. Katika seti ya juu mna kazi ya akili na mikono iliyofikishwa mwisho wa uwezo wake, na kuipenda kazi ya namna hiyo ni kumheshimu mwanadamu aliyeifanya. Mtu asemaye kuwa kila kilichozidi haja ni upotevu hana budi kuyaendea majumba ya Lamu na Unguja akaing'oe milango yake ya nakshi, maana mlango wa mbao tupu hufunga nyumba sawasawa na mlango wenye nakshi. Hapana mstaarabu atakayemfuata katika kazi hiyo.

Hoja ya tatu ni ya maendeleo. Gia za umeme ziliingia katika Dura-Ace mwaka 2009, zikafika katika 105 mwaka 2022. Kitu kilichokuwa cha wachache kilishuka kidato kwa kidato mpaka kikawafikia wengi. Kama hapangalikuwa na watu waliokubali kulipa bei ya juu mwanzoni, yamkini cha kati kisingalikuwa kizuri kama kilivyo leo. Kwa hivi mnunuzi wa cha kati amchekaye mnunuzi wa cha juu humcheka mtu aliyemlipia nauli.

Hoja hizi ni nzito, na jibu lake halipatikani kwa kuzikana. Jibu hupatikana kwa kuuliza kila moja ina nguvu kwa nani.

Juu ya ushindi, Aristotle alitoa mfano ambao haujachakaa. Katika mafundisho yake ya maadili alisema kuwa wastani ulio wema si nusu ya hesabu. Kama chakula cha kipimo cha 10 ni kingi na cha kipimo cha 2 ni kichache, mwalimu wa mieleka hatawapa watu wote kipimo cha 6, kwani kipimo hicho ni kidogo kwa Milo, pehelwani mkubwa, na ni kikubwa kwa mtu anayeanza kujifunza. Wastani hupimwa kwa mtu na hali yake. Kwa kipimo hiki, mshindani wa Kigali atumiapo seti ya juu hajazidisha kitu. Huo ndio wastani wake. Mtu aendeshaye kila Jumamosi asubuhi ili apate afya na mazungumzo ya rafiki, akichukua seti ile ile, amekula chakula cha Milo bila ya kupigana mieleka. Kosa lake haliko katika seti, liko katika kuazima haja ya mtu mwingine.

Historia ya rekodi ya saa moja, ambayo hupima ni umbali gani mtu mmoja aweza kwenda kwa dakika 60, ina mafundisho mawili juu ya jambo hili. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda kilomita 49.431. Mwaka 1996 Chris Boardman wa Uingereza alikwenda kilomita 56.375 juu ya chombo cha umbo jipya, mikono yake ikiwa imenyoshwa mbele. Baadaye wakuu wa mchezo waliamuru kuwa rekodi ifuatwe kwa baisikeli ya mtindo wa Merckx, na mwaka 2000 Boardman, kwa masharti hayo, alikwenda kilomita 49.441. Alimpita Merckx kwa mita 10, naye akapungukiwa na nafsi yake ya mwaka 1996 kwa karibu kilomita 7. Hapana awezaye kusema baada ya haya kuwa chombo si kitu. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Fundisho la pili ni la Graeme Obree wa Skoti. Mwaka 1993 alikwenda kilomita 51.596, akaivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1984, juu ya baisikeli aliyoiunda mwenyewe, ambayo ndani yake alitia beringi zilizotolewa katika mashine ya kufulia nguo. Obree hakukidharau chombo. Alikifikiria kuliko wenzake. Lakini fikira ile haikuwa na bei dukani. Nguvu iliyomshindia ilitoka katika umbo la baisikeli na mkao wa mwili, mambo ambayo hayakuandikwa katika ngazi yoyote ya wauzaji. Mtu aaminiye kuwa bei ni kipimo cha fikira hana budi kuitazama baisikeli ile mara ya pili.

Hata kileleni kwenyewe neno "yatosha" limepata kutamkwa. Sheria ya chama cha baisikeli cha dunia hukataza baisikeli ya mashindano kuwa na uzito ulio chini ya kilo 6.8. Maana ya sheria hii yapita uzito. Husema kuwa uko mpaka ambao ukivukwa, wepesi haumwongezei mpandaji sifa, bali humwongezea hatari na kuugeuza ushindi kuwa mnada. Ikiwa mabingwa wamewekewa kikomo na mchezo wao haukuharibika, si aibu kwa mtu wa kawaida kujiwekea kikomo chake.

Juu ya uzuri, hapana budi kukubali kuwa mapenzi ya kazi njema ni wema. Lakini mlango wa nakshi husema ukweli juu yake. Hausemi kuwa hufunga nyumba zaidi. Husema kuwa ni mzuri. Mtu anunuaye seti ya juu akasema moyoni, "Naipenda kwa uzuri wake, na bei yake naiweza," hana deni kwa mtu yeyote. Lakini aghalabu mnunuzi husema kuwa anatafuta kasi, na kasi anajua kuwa hataipata; husema kuwa anajitayarishia milima, na akilini anatayarisha macho ya wenzake watakaotazama jina lililoandikwa ubavuni mwa gia. Upotevu wa fedha hapo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kuwa mtu amejidanganya, na ajidanganyaye katika kitu kidogo amejizoeza kujidanganya katika kikubwa.

Tena uzuri ulionunuliwa kwa ajili ya macho ya watu hautulii. Katika karne ya 18 Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika juu ya joho jipya alilolipata. Joho lilikuwa zuri hata vitu vyote vya chumbani vikaonekana vichakavu mbele yake, naye akavibadilisha kimoja baada ya kimoja, mpaka akalijutia joho lake kuukuu, ambalo alikuwa bwana wake, na hali jipya lilimfanya mtumwa. Waundaji wa baisikeli huijua hadithi hii bila ya kuisoma. Gia mpya huyaaibisha magurudumu; magurudumu mapya huiaibisha fremu; na fremu mpya hudai seti mpya. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Mwisho wake ni mtu aliye na baisikeli asiyethubutu kuitoa mvua ikinyesha, na hapo chombo kilichonunuliwa ili kimchukue mtu kinachukuliwa na mtu.

Juu ya maendeleo, ni kweli kuwa wanunuzi wa mwanzo huwasaidia wanunuzi wa mwisho. Lakini faida itokeayo katika tendo si sawa na wajibu wa kulitenda. Hapana mzazi aliyefaradhishiwa kuchukua ada ya shule ya mwanawe ili miaka 13 baadaye watu wa nchi nyingine wapate gia rahisi. Mwenye ziada na atoe katika ziada yake. Mwenye haja kwanza na aitazame haja yake.

Basi je, mtu achague vipi? Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kuwa mwanadamu hana muda wala elimu ya kukipata kilicho bora kuliko vyote, na kuwa njia ya akili ni kuweka kwanza kipimo cha kile kitoshacho, kisha kukichukua kitu kikifikiacho. Siri ya njia hii imo katika neno "kwanza". Mtu aingiaye dukani bila ya kipimo hupimwa na duka. Mtu aliyejua tangu nyumbani kuwa anataka gia za kupandia vilima vya kwao, breki za kumsimamisha katika mvua, na vipuri ambavyo fundi wa mji wake aweza kuvipata, huyo atapita mbele ya mapambo kama mtu apitaye sokoni akiwa ameshiba.

Hapo pana onyo la upande wa pili, lisije neno "kitoshacho" likawa kisingizio cha ubahili. Katika ngazi ya seti kiko kidato ambacho chini yake hapana uchaguzi, bali hatari. Breki isiyoshika katika mteremko, au usukani wa bandia uliobandikwa jina la watu, si kitu cha daraja la chini. Si kitu kabisa. Tofauti ya kati na juu hulipwa kwa fedha, lakini tofauti ya kati na ubovu hulipwa kwa mifupa. Mtu akiokoa fedha katika uzito ametumia hekima; akiiokoa katika usalama ameukopa mwili wake bila ya kujua siku ya kulipa. Tena mwili huo si wake peke yake. Wako wamtegemeao, na wako wengine barabarani.

Kadhalika fedha iliyobaki baada ya kuchagua cha kati haigeuki kuwa wema kwa kubaki tu. Ikienda katika tairi nzuri, ambazo hupunguza msuguano na kushika barabara, imefanya kazi kuliko titani. Ikimlipia mtu fundi wa kumpimia kiti na usukani kwa kimo chake, imefanya kazi zaidi. Ikimpa nauli ya kwenda kushindana na waliomzidi, imempa kitu ambacho hapana seti iwezayo kukitoa. Lakini ikikaa ili mwenyewe ajisifu kuwa yeye si mtu wa anasa, basi kiburi kilichofukuzwa mlangoni kimeingia dirishani. Iko fahari ya kuwa na kitu, na iko fahari ya kukikosa, na zote mbili hutazama kioo kimoja.

Hukumu iliyo ya haki, basi, haisemi kuwa cha juu ni dhambi wala kuwa cha kati ni fadhila. Husema kuwa mtu asiamini jibu la swali alilouliziwa na mwingine. Muuzaji huuliza, "Kipi ni bora?" kwa kuwa anajua jibu lake liko rafu ya juu. Mnunuzi hana budi kuuliza, "Bora kwa kazi gani, na kazi hiyo ni yangu?" Akijibu kweli, mshindani atatoka na titani yake bila ya lawama, na mtu wa Jumamosi atatoka na pua yake bila ya unyonge.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Neno hili husomwa kama karipio kwa mwenye mkono mfupi, lakini si hivyo. Halimkatazi mtu kujikuna wala halisifu ufupi wa mkono. Humtaka ajue mahali panapowasha. Wengi hutumia mali nyingi kukuna ngozi ya jirani, wakashangaa kuwa mwasho wao haukupoa.